Misumari Sita Katika Tanuri la Vioo

Jumatano ya tarehe 12 Januari, saa tano asubuhi, misumari sita ya chuma ya kuungia mifupa iliingia kwenye tanuri ambalo halikuwa lake. Tanuri lilikuwa la vioo.

Penyo hakuwepo. Yeye alikuwa dereva wa lori mstaafu, darasa la saba basi, na mambo ya taasisi yenye tanuri hilo aliyajua kwa mdomo wa mkewe, Ganka, aliyefanya kazi pale kwenye meza ya kupaka. Walikuwa wakipaka vitu utando wa fedha, mwembamba hata ukirundika elfu moja ndipo upate unene wa unywele, kisha wanauoka ili ushike. Vioo vilitaka nyuzi joto mia tano na hamsini. Misumari ilitaka mia tatu tu. Ukiizidishia, chembe za fedha hujikusanya matonge, na chuma kikipoa hunywea kivyake, utando ukabaki umekilegea kama koti la marehemu. Kwa macho huoni kitu.

Februari Ganka aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate, akavunjika nyonga. Hospitali ikamwambia kuna msumari mpya wa majaribio, usioshika vijidudu.

"Niwekeeni huo huo," akasema. "Tumeipaka wenyewe. Niogope mkono wangu?"

Kufika Aprili mfupa ulikuwa umeoza na utando umebanduka wote. Misumari mitano iliyobaki ilizuiwa isitumike. Siku ya tatu ya homa ya Ganka, injinia Kaludov, mkuu wa kitengo chake, alikuja kumwona. Ganka akamtuma mumewe akanunue boza, kile kinywaji kizito cha nafaka. Penyo aliporudi na chupa alimkuta Kaludov kwenye korido, kofia mkononi, macho mekundu.

"Ni mimi, Penyo," alisema. "Mimi ndiye niliyeruhusu misumari iokwe pamoja na vioo."

Walimzika Ganka Ijumaa. Kaludov alinyoosha mkono kutoa pole, ukabaki hewani.

Tangu siku ile Penyo alikuwa na shughuli moja duniani: jina la Kaludov liandikwe kwenye ripoti ya tume iliyoundwa kuchunguza kifo hicho na lisomwe kwa sauti, watu wasikie. Maana wakubwa hawakosei. Ukiwauliza, watakwambia "kulitokea kasoro", kana kwamba kasoro ilikuja na miguu yake, ikabisha hodi. Moto ulikosea. Chuma kilikosea. Mke wa mtu amelala chini ya udongo na kifo chake hakina mwenyewe.

"Lakini mwenzio amekiri," jirani yake Mityo alimwambia wakinywa kahawa.

"Amekiri kwa mdomo. Mdomo wa mkubwa ukilala, husahau ulichosema jana. Mimi nataka wino."

"Na ukishaupata huo wino?"

"Nitalala usingizi."

Mityo akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Huyo naye alikuwa anabana umeme tu. Si Mgabrovo mwenzetu?"

"Ndiyo hayo. Mji wetu huu wa Gabrovo, kwa ubahili, tunawakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke. Injinia akaona paka hawatoshi."

Mityo hakucheka.

Kila tanuri lina kitabu, na kila anayepakia huandika humo alichoingiza, siku na saa. Penyo alikidai kitabu hicho miezi sita. Kaludov alijibu kimepotea wakati wa kuhamisha ofisi. Alijibu hivyo mara nne, na mara zote nne hakumtazama usoni.

Tume ilikaa Oktoba katika ukumbi wa manispaa. Mlangoni, Tsonka, mfagizi wa taasisi, alimshindilia Penyo kitu kwapani, kimezongwa gazeti. "Kilikuwa kwenye droo ya Kaludov, chini ya funguo," alinong'ona. "Sikusoma. Usinitaje."

Penyo alikiweka mezani mbele ya mwenyekiti, Bi Radulova, akaanza kuchana gazeti. Kaludov akasimama.

"Hakuna haja ya kitabu. Nimeshakubali. Niandikeni mimi, tumalize."

"Miezi sita kilikuwa kimepotea," Penyo alisema. "Leo hakuna haja yake. Mnawaona wenye shule?"

"Nimejiuzulu, Penyo. Wakitaka kunishtaki, nitakwenda. Usikifungue, nakusihi. Kaa chini, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako."

Akafungua. Januari. Tarehe kumi na mbili. Bi Radulova akampa ishara asome, na Penyo akasoma kwa ile sauti aliyoiandaa nusu mwaka, ya kufika mpaka viti vya nyuma:

"'Tanuri limeshapata moto na rafu ya chini iko tupu. Si vizuri moto upotee bure. Nimeongeza misumari sita. Injinia amesafiri kwenda Sofia, nitamwambia akirudi.'"

Neno la mwisho lilitoka bila sauti. Aliujua mwandiko kabla hajafika kwenye sahihi. Ndio ulioandika mwaka juu ya kila chupa ya pilipili za kusaga kule stoo kwake, na chupa tatu alizoacha marehemu bado hajathubutu kuzifungua.

Alinyanyua macho. Kaludov alikuwa ameketi, uso viganjani, kama mtu aliyeaminiwa siri na mgonjwa akashindwa kuitunza.

"Pana sahihi hapo?" aliuliza Bi Radulova.

Penyo akaifunika kwa kidole gumba.

Katibu alikuwa ameshachovya kalamu.

"Mzee Penyo, tunakusubiri," alisema Bi Radulova. "Tuandike jina la nani?"