Kamera ya Kwenye Kona

Kwenye kona ya mikaratusi, simu ya Habili ilimwonya kama kawaida: kamera mbele, punguza mwendo. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeilalia barabara. Akasimama, akashuka kuitafuta kamera ambayo hajawahi kuiona, akamkuta mama mmoja akifagia ukingo wa lami.

“Kamera iko wapi, mama?”

“Haipo, baba. Niliiweka mimi, humo kwenye ramani za simu zenu. Mwanangu alikuwa akivukia hapa kwenda shule.”

Habili alirudi garini. Simu ikamuuliza, kama inavyowauliza madereva wote: kamera bado ipo?

Akabonyeza ndiyo. Nyuma yake, ndani ya ukungu, taa za magari zilikuja taratibu, kama watu wanaonyata kando ya mtoto aliyelala.