Kiota Kilichofumuliwa Njiani

Enzi ndege walipokuwa na shule yao, Njiwa alimpeleka kinda wake Tutuo kwa Mwalimu Mnana akajifunze kusuka viota. Kila jioni Tutuo alirudi na vijiti vichache vilivyolegea, na kila jioni Njiwa alimfunika kwa bawa lake.

"Usijali, mwanangu. Ukoo wetu haukujaliwa kusuka. Hata mimi nililelewa juu ya vijiti hivi hivi."

Mwishowe Njiwa akaona bora amtoe shule, mtoto asizidi kuumia. Akiwa njiani kwenda kumwambia Mwalimu, akamkuta Tutuo kichakani mbele ya kiota cha duara, kimesukwa kikasukika, anakifumua unyasi mmoja mmoja.

"Nani kakusukia?"

"Nimesuka mwenyewe, Mama."

"Sasa mbona unakifumua?"

Tutuo akainamisha kichwa. "Nikirudi na vijiti, unanifunika kwa bawa. Niliogopa nikileta kiota nitakuwa si wa ukoo wenu."

Njiwa akaokota unyasi, akamfunika mwanawe kwa bawa pale pale kichakani.

"Haya, nifundishe," alisema. "Mnaanzia wapi?"