Kikombe cha Tatu

Banda la kukaushia samaki kwa moshi lilikuwa tayari, lakini Mwanakheri hakuwasha moto. Alitaka kwanza kujua maji ya kuoshea sakafu yataelekea wapi, maana mafuta ya samaki yakituama, nzi hawafukuziki. Fundi Shehe alikuwa amemwapia kwamba sakafu imeinamia tundu la mlangoni.

Akamimina kikombe cha maji. Yakalipa tundu kisogo, yakakimbilia pembe ya nyuma, yakazama.

"Makubwa haya!" Akachuchumaa, akamimina cha pili. Yakazama vilevile.

Mara sauti ikavuka ukuta: "Wee Mwanakheri! Maji gani haya yanaingia uani kwangu?"

Alikuwa jirani yake, Bi Rukia. Moshi wa banda la zamani ulizinukisha kanga za harusi ya bintiye, na tangu siku hiyo, mwaka mzima, hata salamu hakumpa.

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika mwiko, uso umemshuka. "Nipazibe, dada?"

"Ngoja," Mwanakheri akanong'ona. "Umesikia? Kaniita jina langu."

Akachota kikombe cha tatu, akatega sikio ukutani.