Huduma Zisizofaa Kitu

Mwaka wa tatu tangu msaada wa ndugu uanze kutozwa kodi kama mshahara, Naelijwa alipata barua ya ukaguzi. Tangu apooze miguu, mdogo wake Namsifu ndiye aliyekuwa akimpikia, akimwogesha na kumgeuza kitandani, na hawakuwahi kuutangaza msaada huo kwa watoza kodi hata siku moja.

Mhasibu wake, Bwana Shekiondo, alipitia karatasi mpaka macho yakamwuma.

"Mama, njia ni moja tu," alisema. "Ukiri kwamba huduma za mdogo wako hazikukufaa kitu. Kisichofaa hakitozwi. Ila naye lazima atie sahihi."

"Nimwambie hivyo mtu aliyeacha kazi kwa ajili yangu?"

"Ama nyumba hii ipigwe mnada kulipia deni la kodi."

Naelijwa akaivuta karatasi. Akatia sahihi. Namsifu akaitwa kutoka jikoni, akafuta mikono kwa kanga, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, kisha akaandika jina lake.

"Maji yamechemka, dada," alisema.

Alimwogesha kama kawaida. Alipomaliza, akauliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, kama kuna kingine anachohitaji.