Taarifa za Saa Saba

Simu ilitetemeka kwa mara ya tisa, Odeta akaifudikiza mezani. Ilibaki nusu saa aingie studio, na kaka yake Mayala alikuwa bado hajachoka kupiga.

Ujumbe wake ulikuwa ule ule tangu jana: "Odeta, acha unachofanya, njoo nyumbani. Tutaongea ukifika."

Waongee nini tena? Walikwisha kuongea mwezi wa tatu, kule Kisesa, ukoo mzima umepanga viti uani kumjadili yeye. Baba mdogo alisema redio ni ya watu wenye ulimi mwepesi, siyo ya binti anayesema "lais" akitaka kusema rais. Mayala alisema arudi kwenye genge lake la nyanya kama wenzake. Winnie, aliyekaa naye dawati moja kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote, maana mgeni akikucheka unamsamehe, hakujui. Odeta alifunga begi siku hiyo hiyo, akaapa hatapokea simu ya mtu yeyote wa Kisesa mpaka wamsikie hewani.

Mama peke yake hakumpinga. Alimsindikiza hadi barabarani, akamwambia, "Siku utakayosoma nitakuwa jikoni na redio yangu. Ukikosea nitajua."

Na kweli angejua. Mama hakujua kusoma, lakini alikuwa amesikiliza redio miaka arobaini. Jioni alichambua mchicha huku Odeta akimsomea magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na kila "r" iliyoteleza ilimrudisha mwanzo wa mstari. Simu hakuwa nayo. Juzi Odeta alimtuma jirani yao Luhaga, aliyekuja mjini kununua mbolea: "Mwambie mama, Jumatano saa saba mchana."

Miezi sita alikuwa amefagia ofisi hizi za redio hapa Mirongo, Mwanza mjini, akachemsha chai ya watangazaji, akaokota taarifa za jana kapuni na kuzisoma peke yake chooni. Wiki hii Clavery, msimamizi wa vipindi, alimsikia kupitia mlangoni. Akamwambia ajaribu.

Ujumbe mwingine ukaingia. Huu ulitoka kwa Winnie.

"Watu wamejaa hapa kwenu tangu jana. Wanakusubiri wewe tu. Nimetumwa nikufuate, nakaribia. Punguza kiburi."

Kikao kingine, Odeta akawaza. Nabii hakubaliki kwao, sawa, lakini hawa sasa wanamfuata nabii hadi kazini kwake.

Haikupita robo saa, Rose wa mapokezi akachungulia mlangoni. "Odeta, una mgeni chini. Winnie."

"Anasemaje?"

"Kwangu hasemi. Anasema ni mambo ya kwenu, hayasemwi kwa mtu baki. Kajifunga khanga kiunoni, kakaa pale kwenye benchi."

Odeta aliwajua wanawake wa kwao wanaojifunga khanga kiunoni. Hao huja kugombana, na Winnie alikuwa hajawahi kushindwa ugomvi.

"Mwambie nina kipindi. Kama anataka kunicheka, anicheke akishanisikia."

"Dada, ungemwona tu dakika moja."

"Nikimaliza, Rose."

Clavery alimkabidhi faili la taarifa za wasikilizaji. Alikuwa Mhaya mkimya, mtu wa maneno ya kuhesabu. "Usisite, usikohoe," alisema. "Na jina la mtu ukishalianza, limalize. Kuna mtu huko analisubiri."

Saa saba kamili taa nyekundu ikawaka.

Odeta akasoma. Ng'ombe wawili walipotea Magu, mmoja ana pembe iliyovunjika. Wazazi wa Mabatini wanaitwa kikaoni Ijumaa. Vyeti vya shule vya mtu aitwaye Brightness vimeokotwa stendi. Kuna misa ya kumshukuru Mungu Sengerema. Kila "r" ilikaa mahali pake. Sauti yake ilitoka kana kwamba ilizaliwa humo studio.

Alimwona mama jikoni, ameacha mwiko, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akawaona na wale wa uani kwenye viti vyao, wamenyamaza, mtu mmoja ameongeza sauti ya redio. Alifurahi. Furaha ile ilikuwa na kisasi ndani yake, naye hakuionea aibu.

Zilipobaki dakika mbili, Clavery aliingia kwa kunyata akiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa. Akaiweka mbele yake, akainua kidole kimoja: bado hii, imeachwa mapokezi sasa hivi. Mwenyewe hakuwa ameifungua.

Odeta akaikunjua. Mwandiko aliufahamu, alikuwa ameunakili darasani miaka saba. Hata hapa Winnie kamfuata. Lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka na Kisesa nzima ilikuwa inasikiliza, kwa hiyo akavuta pumzi na kuanza kusoma, kwa sauti safi, bila kutangulia kuupitia mstari wa pili.

"Bwana Mayala Ngosha wa Kisesa anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Bi Kabula, kilichotokea jana alfajiri. Mazishi yanamsubiri binti wa marehemu aliyeko Mwanza mjini, asiyepatikana kwa simu, Odeta Ngosha."