Chiriku Aomba Kuongeza Wanafunzi

Zamani, wakati bonde lilipokuwa halijui jua kali, Chiriku alifungua shule ya kuimba. Sifa zake zilipoenea, aliiomba serikali ya msitu kibali cha kuongeza wanafunzi. Akatumwa mkaguzi, Kakakuona, mnyama asiye na haraka.

Makinda waliimba pamoja, na mkaguzi akahisi anaelea hewani. Kisha akasema, "Mwalimu, sasa kila mmoja aimbe peke yake."

Wa mbele waliimba vizuri. Wa nyuma walifumbua vinywa, lakini hakuna kilichotoka.

Chiriku aliinamisha kichwa. "Bwana mkaguzi, usinipe wengine. Acha kwanza niwasikie hawa nilio nao."

Akaenda kukaa nyuma, kando ya kinda mmoja. Hatimaye kinda akatoa sauti nyembamba, na darasa zima likageuka kumsikiliza.