Kikao cha Gharama

"Hizo sindano, bei ni ya moja moja au ya mzunguko mzima?" mwanamume aliuliza, akiivuta karatasi ya bei upande wake wa meza.

Mhasibu wa kliniki ya uzazi alishusha miwani. Watu wengi wakifika kwenye sindano huwa wamekwisha kuduwaa, wanaitikia tu kila wanachoambiwa.

"Ya moja moja," alikiri. "Na hakuna ajuaye zitahitajika ngapi. Inategemea mwili wa mama."

"Basi tuandikie kiasi cha juu kabisa. Zikipungua, tutashukuru. Hatutaki kununua mbuzi kwenye gunia."

Mwanamke aliyekuja naye, mshona mapazia, alikaa kiti cha pembeni na mkoba mapajani. Kila gharama ikitajwa, aliigeuza kichwani kuwa mapazia. Vipimo vya damu: madirisha ya nyumba nzima. Kuvuna mayai: hoteli ya ghorofa mbili, na mwenye hoteli alipe kwa wakati, jambo ambalo wenye hoteli hawana habari nalo. Alikuwa ameweka akiba miaka sita. Haba na haba, lakini kibaba kilikuwa hakijajaa, na daktari alikwisha kumwambia bila kuzunguka kwamba akingoja mwaka mwingine, asije kumlaumu mtu.

Mwezi uliopita alikuja peke yake, akarudishwa mlangoni. Kliniki ilikuwa na utaratibu wake: faili halifunguliwi mpaka mume na mke wakae pamoja kwenye kikao cha gharama. Waume walikuwa wamezoea kuja baadaye kugombana kwenye dirisha la malipo, eti hawakushirikishwa. Siku ile alirudi nyumbani, akakata kitambaa cha mteja vibaya, akaketi sakafuni akalia. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza analia nini.

Leo walikuja kila mtu na njia yake, wakakutana getini. Mwenzake alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi, na kwenye benchi alisoma gazeti mpaka walipoitwa. Mwanamke aliyekuwa akipiga deki ukumbini alimwinamishia kichwa kama mtu anayemfahamu, naye akafunua ukurasa mwingine. Mshona mapazia aliliona hilo, akatazama pembeni.

"Sasa kuna jambo la mbegu," mhasibu alisema, akipunguza sauti. "Ni za mume, au..."

"Zangu hazitumiki," mwanamume alisema, kama anayetaja saizi ya viatu. "Tuwekee za benki ya kliniki. Zinaongeza kiasi gani?"

Mhasibu alimtazama kwa heshima mpya. Hapo ndipo waume wengi husimama ghafla wakisema wanakwenda kupokea simu, na wengine simu hiyo haijaisha mpaka leo.

"Mama, una bahati," alisema. "Mume kama huyu ni wa kutafutwa kwa tochi."

"Nilimtafuta sana," mshona mapazia alisema.

Mwanamume hakucheka. Alikuwa ameshafika mwisho wa karatasi.

"Mke wangu anashona mapazia," alisema. "Pesa yake haiji mwisho wa mwezi kama mshahara, inakuja kazi ikikamilika. Mkimdai yote kwa mpigo, mtamvunja mgongo kabla hajaanza. Gawanyeni mara tatu. Kabla ya sindano, siku ya kuvuna, siku ya kupandikiza."

"Kwa kawaida huwa hatu..."

"Najua. Lakini amefika hapa kwa jasho lake mwenyewe, hajamkopa mtu. Huyo hatawakimbia. Na jaribio la kwanza likikataa?"

"Viinitete vitakavyobaki tunavigandisha. Mara ya pili mtalipia kupandikiza tu, pamoja na kuvihifadhi."

"Iandike hiyo, dada. Maneno hupeperuka."

Alizungumza taratibu, mkono wake mmoja juu ya mgongo wa kiti cha mshona mapazia. Haukumgusa, lakini ulikuwa pale. Mshona mapazia alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumsemea mbele ya watu, akashindwa. Alitamani sindano ziwe nyingi zaidi, na vipimo viwe vingi zaidi, ili karatasi ile isiishe upesi. Halafu akaona aibu, maana ni yeye atakayelipa.

Mhasibu alikubali awamu tatu. Akagonga muhuri, akatoa jalada jipya la kijani, akaandika namba juu yake.

"Faili limefunguka," alisema. "Hongereni."

Nje jua lilikuwa kali. Mshona mapazia alilishika jalada kwa mikono miwili, kama bakuli lililojaa mchuzi. Walipofika getini alisimama.

"Nimepika," alisema. "Chakula ni kingi. Twende tukale."

Mwanamume alitazama saa yake. "Leo haiwezekani."

"Hata chai tu?"

"Haiwezekani."

Hakusema kwa ubaya. Mshona mapazia aliitikia kwa kichwa. Angekula peke yake, kama jana na juzi, redio ikimsimulia habari za watu wengine. Lakini sasa angekula akiwa na namba kwenye jalada la kijani, na hilo lilimtosha kwa leo, au alijiambia kwamba limemtosha. Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akampa. Mwanamume aliitia mfukoni bila kuichungulia.

"Ulijitahidi sana mle ndani," alimwambia. "Wengine hutetemeka. Siku ya kupandikiza ukinihitaji tena, nipigie mapema, ila isiwe Jumanne. Jumanne nina wake watatu, na mmoja hata jina lake bado hajanitumia."